Mjomba Maulidi na Hesabu Iliyoishia Sita

Enzi zetu Kariakoo, mtoto hakuwa na haja ya kuulizwa ni wa nani. Alikuwa wa nyumba nzima. Nyumba yenyewe vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, choo kimoja na foleni yake ya alfajiri, na kila mtu mzima aliyepita ukumbini alikuwa na haki ya kukutuma dukani, kukufinya sikio na kukuuliza kama umekula, yote kwa pumzi moja. Sisi tulipanga chumba cha pili mkono wa kulia. Chumba cha mbele mkono wa kushoto, kile chenye dirisha la barabarani, alikaa Mjomba Maulidi na mkewe Bi Tatu na binti yao Mwanahamisi, ambaye nilizaliwa naye mwezi mmoja na tukagombana miaka yote iliyofuata. Mjomba Maulidi hakuwa mjomba wangu wa damu. Lakini nani alikuwa anapima damu wakati ule? Ukimwita mtu mzima kwa jina lake kavu, kofi lilikufikia kabla hujamaliza herufi ya mwisho.

Kazi yake ilikuwa fundi magodoro. Vijana wa leo, mnaoletewa godoro na bodaboda likiwa limekunjwa kwenye nailoni kama chapati, hamuijui sufi, na wala hamuoni aibu kutoijua. Ilikuwa inaletwa kwa magunia kutoka mashamba ya nje ya mji, nyeupe, laini, imejaa mbegu nyeusi. Sisi watoto tukirudi shule tulikalishwa uani kutoa mbegu. Kisha Mjomba alijifunga kitambaa puani, akashika fimbo mbili, akaipiga sufi ile mpaka ifumuke, na ua wote ukawa mweupe. Tulipiga chafya mpaka tukasahau kilichotufanya tuanze kucheka. Akimaliza aliisindilia kwenye kitambaa cha mistari ya buluu, akashona kwa shazia ndefu. Godoro lake ulililalia miaka, ukilianika juani kila Ijumaa, na lilipopata mabonde ulimrudishia akalifumua na kulijaza upya. Hivi sasa godoro likipata bonde unanunua jingine, na bonde unahama nalo mgongoni.

Lakini Mjomba Maulidi hakupenda kuitwa fundi magodoro. Alipenda kuitwa bondia.

Na alikuwa bondia kweli, kwa maana ya kwamba alipanda ulingoni, tena mbele ya watu waliolipa kiingilio. Alikuwa na kaptula ya rangi ya zambarau aliyoshonewa na Bi Tatu, na glavu alizozitengeneza upya mwenyewe kila zilipochanika. Ngumi siku zile zilipigwa sikukuu. Idd, Krismasi, Pasaka, Saba Saba, popote palipokuwa na ukumbi na watu waliovaa nguo mpya. Mapambano yake yote yalikuwa kumi na moja. Katika nyumba yetu, akirudi, hakuna aliyeuliza kama ameshinda. Tuliuliza, "Raundi ya ngapi?"

Mazoezi aliyafanyia uani. Mabondia wenzake, kwa tulivyosikia, walikuwa wakipiga magunia ya mchanga na maranda ya mbao. Yeye alining'iniza gunia la sufi, kwa sababu sufi ndiyo aliyokuwa nayo. Ngumi ilizama mpaka kiwikoni, ikatoka bila kelele. Alfajiri nzima ungemsikia anahema tu. Bi Tatu alikuwa akipita na ndoo yake ya maji anasema, "Mali ya watu hiyo, Baba Mwana. Unaipiga hivyo, kwani imekutukana?" Naye hujibu bila kuacha, "Nanoa mkono, mke wangu." Kwa miaka mingi alinoa mkono wake kwenye pamba, halafu sikukuu ikifika anakwenda kupigana na watu wenye mifupa.

Na juu ya hayo yote, alikuwa na mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa Zuberi. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa, na walio chini ya rika langu wamwulize mama yao, kisha wamtazame usoni anavyobadilika. Zuberi aliimba dansi. Alikuwa na suruali pana chini na sauti iliyotoka redioni Jumamosi alasiri ikawafanya akina mama wetu waunguze maharage. Alikuwa amekwishahama chumba kile cha kaka yake zamani, lakini umaarufu wake aliuacha palepale. Barua za mashabiki zililetwa kwetu. Wateja wa magodoro walikuja wakiuliza, "Hapa ndio kwa kaka'ake Zuberi?" Mjomba aliandika kibao vizuri kwa rangi nyekundu, MAULIDI FUNDI MAGODORO. Haikupita wiki, mtu asiyejulikana akaongeza chini kwa mkaa: KAKA YAKE ZUBERI. Mjomba alichukua kitambaa ili akafute. Bi Tatu akamshika mkono, maana tangu mkaa ule uandikwe wateja walikuwa wameongezeka. Maandishi yakabaki. Mvua zilipoyafifisha, Bi Tatu mwenyewe aliyakoleza.

Mwenye ukumbi naye alikuwa mjanja. Alijua watu wa Kariakoo hawaji kuangalia fundi magodoro akipigwa, ila wanakuja kumsikiliza Zuberi. Kwa hiyo sikukuu aliweka ngumi kwanza na dansi baadaye, watu wawahi kuingia, wanywe soda, na wasizomee bendi ikichelewa. Mjomba Maulidi alikuwa ndiye wa kwanza kwenye ratiba. Alipigana mbele ya watu waliokuwa wanatazama mlango.

Mpinzani wake wa mara nyingi alikuwa Mihambo, Mnyamwezi mmoja mrefu, kuli wa bandarini, mikono kama nguzo za umeme. Mjomba alikuwa Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Kwa mlioingia Bongo juzi: mtani wako anaweza kukutukana, kukuvua kofia, kula chakula chako, hata kuzuia maiti ya kwenu isitoke mpaka mmridhishe, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Basi siku ya pambano Mihambo alikuja kwetu mapema, akaingia jikoni moja kwa moja, akafunua sufuria la pilau la Bi Tatu.

"Nipakulieni nile. Leo namuua huyu."

"Kula, baba," Bi Tatu anasema. "Usije ukamuua na njaa ikakuua na wewe."

Wakala sinia moja, Mjomba na mtu atakayempiga, kisha wakaongozana kwa miguu kwenda ukumbini, sisi watoto nyuma tumebeba taulo na chupa ya maji, ndiyo tiketi yetu ya kuingilia. Nimewaona mabondia wa sasa kwenye simu ya mkwe wangu wakitukanana kabla ya pambano mpaka wanatenganishwa na mabaunsa. Nikamwambia mkwe, hawa hawajapata mtani. Akaniuliza mtani ni mkataba wa aina gani.

Pambano ninalotaka kulisema lilikuwa la Idd Pili. Nilikuwa na miaka minane. Nilivaa gauni la kitambaa kimoja na Mwanahamisi, kwa sababu mama zetu walinunua jora moja, na tulikuwa tumetoka kwenye pembea za Mnazi Mmoja, tumbo limejaa kashata na barafu za ukwaju, vichwa vinazunguka. Tulikaa chini, karibu kabisa na ulingo. Raundi ya kwanza Mjomba alipigwa kama kawaida. Raundi ya pili Mihambo alikuja kummaliza, na Mjomba, nilimwona kwa macho yangu, akafumba macho akarusha mkono wa kulia kama mtu anayetupa gunia juu ya lori. Ukampata Mihambo kidevuni. Mihambo akasimama kidogo, akaonekana anakumbuka kitu, akaanguka chali.

Ukumbi ulinyamaza. Nadhani hata Mjomba hakujua afanye nini, maana alikuwa hajawahi kuona pambano kutoka upande ule. Refa akainama akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Mwanahamisi alinikamata mkono akanitia kucha. Nne. Tano. Sita.

Mlango mkubwa ukafunguliwa akaingia Zuberi.

Suti nyeupe, kiatu cheupe, nyuma yake vijana wawili wamebeba magitaa. Ukumbi mzima ulisimama. Vigelegele, mbinja, viti vikaanguka. Na refa, Mungu amrehemu, naye alikuwa binadamu na redio anayo nyumbani. Akageuka. Si kugeuka tu, akainua mkono kumpungia. Aliporudisha macho chini, hesabu ilikuwa imemtoka kichwani. Akamtazama mtunza saa. Mtunza saa alikuwa amepanda juu ya meza yake anatafuta pa kumwona Zuberi. Basi refa akafanya alichoona ni haki. Akaanza upya. Moja.

Kwenye nane Mihambo akasimama. Raundi ya tatu Mjomba Maulidi alikuwa chini, na safari hii hesabu ilikwenda mbio mpaka kumi bila kupumua, kwa kuwa wapiga gitaa walikuwa wanakaza nyuzi.

Watu wakacheza dansi. Mjomba alikaa kwenye benchi la pembeni, taulo shingoni, Mihambo kando yake, wakinywa soda moja kwa zamu. Zuberi alipita akampiga kaka yake begani, akasema kitu, akapanda jukwaani. Mwanahamisi alilia alasiri nzima. "Baba kashinda," alikuwa akisema. "Baba kashinda, nyie. Kashinda." Hakuna aliyemsikia kwa muziki.

Sasa hapa nina jambo langu ambalo sijawahi kulisema. Wiki ileile tukicheza kombolela mtaani, mmoja anahesabu wengine wanajificha, zamu yangu ya kuhesabu ilipofika, nilifumba macho ukutani nikahesabu kwa sauti: "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, Zuberi kaingia! Moja, mbili..." Watoto wakavunjika mbavu. Ikawa ndiyo hesabu ya mtaa. Kila kombolela, kila rede, ukifika sita Zuberi anaingia. Watoto wa mitaa ya jirani wakaichukua. Mimi nikajiona hodari wa kutunga. Ukuta niliouegemea kuhesabu ulikuwa wa dirisha la Mjomba Maulidi, na yeye alikuwa ndani anashona. Siku moja nilisikia shazia yake imesimama. Ilisimama mpaka nikamaliza kuhesabu, halafu ikaendelea. Hakutoka. Hakunifinya. Jioni aliniita kama kawaida, akanipa kashata. Mama yangu aliposikia wimbo ule alinichapa kwa mwiko na kuniambia, "Hujafa hujaumbika," lakini fimbo ya mama inapoa siku ileile. Kashata ile mpaka leo naionea haya.

Mwanahamisi hakunisemesha mpaka shule zilipofunguliwa.

Mjomba alipigana mara mbili zaidi, akapigwa mara mbili zaidi, akatundika glavu. Magodoro ya sponji yakaingia mjini. Sufi ikawa kitu cha bibi. Nyumba yetu ikavunjwa, ikasimamishwa ghorofa yenye fremu za maduka chini mpaka juu, na ukipita leo pale ulipokuwa ua wetu utakuta kijana anauza kava za simu, atakuita "mama mkwe" ili ununue. Mjomba alihamia Magomeni kwa binti yake, akawa anatengeneza makochi ya watu barazani. Zuberi akazidi kuwa Zuberi. Nilimsikia redioni mara moja akiulizwa kama kuna mwingine katika familia mwenye kipaji. Akasema, "Kaka yangu naye alikuwa mpenda michezo." Nikazima redio. Lakini mimi na yeye tulikuwa na tofauti gani?

Mwaka huu Mwanahamisi alinipigia simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa.

"Mwalimu, baba katutoka. Tunazika alasiri. Njoo, na uje na kalamu."

Kalamu ilikuwa ya wasifu. Nimestaafu ualimu, na mwalimu mstaafu mjini hapa anatumika kuandika wasifu wa marehemu kama vile fundi bomba anavyoitwa bomba likipasuka. Nilifika Magomeni nikakuta turubai limeshafungwa, wanaume nje kwenye viti, wanawake ndani na uani kwenye mikeka. Zuberi alikuwa amekwishafika, mzee sasa, fimbo mkononi, kofia nyeupe. Vijana walikuwa wanampa pole mkono mmoja, mkono wa pili umeinua simu wapige naye picha. Alikuwa anawaitikia kwa upole. Nadhani alikwishazoea hata misiba yake iwe onyesho.

Mwanahamisi alinivuta chumbani akanipa karatasi iliyochapwa na mkwe wake. Ilikuwa na mistari minane. Mstari wa kwanza ulisema marehemu alikuwa kaka wa msanii nguli. Wa pili ulitaja nyimbo za msanii nguli. Mpaka nafika jina la marehemu nilikuwa nimeshajua Zuberi alirekodi wapi.

"Andika upya," akasema. "Andika alikuwa bondia. Andika mapambano kumi na moja."

Nikaandika.

"Andika alishinda moja."

Nikaweka kalamu chini. "Mwana. Nitaandikaje uongo kwenye msiba?"

"Misiba yote uliyokwenda, waliyosoma yalikuwa kweli?"

Nimeandika wasifu wa walevi nikawaita wakarimu.

"Naomba hilo tu, shoga," akasema, na hapo ndipo sauti ikamkatika. "Maisha yake yote kaitwa kwa jina la mtu mwingine. Hata hospitali, daktari kaja kuuliza ndio huyu kaka'ake Zuberi? Asizikwe hivyo. Ile Idd alishinda. Wewe ulikuwepo. Nilikushika mkono."

Mke wa mjumbe wa mtaa aliingia kusema maiti imeshaoshwa. Nikamwambia Mwanahamisi anisubiri kidogo, nikatoka kwenye uchochoro wa pembeni, maana nilikuwa nimemwona mtu.

Mihambo alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, amekonda, mikono ile ya nguzo za umeme imebaki mishipa. Alikuwa amevaa kanzu kuukuu ya marehemu, kaivaa mgongo mbele, ndivyo watani wanavyofanya, na alikuwa anawauliza wapita njia kama wamemwona Mzaramo aliyekimbia ngumi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nawe ni katika wale waliobeba taulo?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwuliza lile lililokuwa likiniwasha tangu ukubwani. Kwa sababu ukishakuwa mtu mzima, na una hatia, unapenda kumtafutia mtu sababu nzuri. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba Mjomba alikuwa anajiachia makusudi, kwamba anamaliza mapema ili mdogo wake apande jukwaani, kwamba kulikuwa na moyo mkubwa nyuma yake. Nikamwuliza Mihambo kama ndivyo.

Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, Maulidi alikuwa hajui ngumi! Ngumi zake unazisikia leo, zinakufika kesho. Kujiachia nini? Alikuwa anapigana kwa nguvu zake zote, ndizo hizo." Akajifuta macho. "Ila alikuwa anakuja. Wengine, ukishawapiga mara mbili, ya tatu hawaonekani, mara mafua, mara msiba Bagamoyo. Yeye namkuta keshafika. Kavaa kaptula yake ile ya mkewe."

"Na ile Idd Pili? Ungesimama kabla ya kumi?"

Akaipapasa kanzu ya marehemu magotini. Halafu utani ukamrudi usoni kama mtu anavyovuta pazia.

"Mnyamwezi apigwe na Mzaramo? Umeona wapi? Nenda kaandike barua zako."

Nikarudi chumbani. Nikamaliza wasifu. Niliandika kwamba Maulidi alikuwa fundi magodoro aliyeaminika na bondia, na kwamba alipigana mapambano kumi na moja. Nikaweka nukta. Mwanahamisi alisoma mpaka kwenye nukta, akaikunja karatasi bila kunitazama, akampelekea mjumbe atakayeisoma makaburini. Nilijiona nimefika kombolela tena, nimefumba macho ukutani kwake.

Wakati wa kutoka ulipofika wanaume wakaingia kuchukua jeneza. Sisi wanawake tulisimama uani na ukumbini, maana safari yetu huishia pale mlangoni. Kilio kikaanza. Jeneza likainuliwa, likaja ukumbini, na walipofika kizingitini wakasimama.

Mihambo alikuwa amelala chini, chali, katikati ya mlango, mikono ameitawanya.

Vijana ndio walioshtuka. "Mzee kaanguka! Presha hiyo!" Mmoja akapiga kelele iitwe bajaji. Wengine walitoa simu, si za kupiga, za kurekodi. Shehe kijana aliyekuja kuongoza akasema jamani, haya mambo si ya dini, maiti inacheleweshwa. Wazee wakamwambia, mvumilie, shehe, huyo ni mtani. Na jeneza halimruki mtu. Zuberi akasogea mbele na fimbo yake, akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu kutafuta noti, maana mtani akizuia maiti dawa yake inajulikana.

"Sitaki hela zako," Mihambo akasema akiwa amefumba macho. "Mimi nimepigwa. Sijiwezi. Nahesabiwa."

Watu wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Haya," mzee mmoja akasema, "moja..."

"Nani kasema moja?" Mihambo akafoka. "Moja mpaka sita nilishahesabiwa. Ukumbi mzima ulisikia. Nadaiwa nne tu. Na asihesabu mwingine. Ahesabu yule aliyeingia."

Sidhani kama kuna kijana aliyeelewa. Lakini sisi tulioelewa tulimgeukia Zuberi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Miaka yote ile nilidhani hakujua, kwamba umaarufu ulimpitisha pale kama upepo. Nilipouona uso wake nikajua alikuwa anajua tangu siku ile ile, alipompiga kaka yake begani. Alishika fimbo kwa mikono miwili. Akajaribu kusema, sauti haikuja. Sauti ile ya redioni.

"Saba," akasema, kwa namna ya kunong'ona.

"Sisikii," akasema Mihambo pale chini.

"Nane!"

Hapo wazee wa nje wakamuunga, na sisi wanawake ndani, na Mwanahamisi akanikamata mkono. Tisa. Mihambo alitingisha mguu mmoja kama anayetaka kuinuka, ukumbi wote ukaguna, mguu ukalala.

"Kumi."

Ilikuwa kelele kubwa ambayo haistahili msibani, na vigelegele juu yake, na shehe kijana akaangalia juu ya paa. Mihambo aliinuliwa na watu wawili, akajipangusa vumbi, akaushika ubavu wa jeneza akasema, polepole kabisa, "Haya, Mzaramo. Umenipiga. Nenda." Na machozi yake hayakuwa ya utani. Jeneza likatoka na shahada.

Sikungoja. Nilimkimbilia mjumbe barabarani bila viatu, mtu mzima mimi, nikamnyang'anya karatasi, nikaiweka kwenye ukuta wa jirani, na mbele ya ile nukta yangu nikaandika: "Alishinda moja, kwa nokauti." Mjumbe akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia nilikuwepo.

Enzi zetu hatukuwa na kamera. Kilichotokea ukumbini kilibaki vichwani mwa waliokuwepo, na vichwa vingine, kama changu, vilikigeuza wimbo wa kumwumiza mtu. Leo kila mtu ana kamera, na nilidhani walau safari hii hakuna kitakachopotea. Usiku huo mkwe wangu akanionyesha simu. Ilikuwa imeshatazamwa na watu wengi mno: "Zuberi Amlilia Kaka Yake." Anaonekana Zuberi, karibu kabisa, machozi, fimbo, kofia. Kule chini Mihambo haonekani. Jeneza linaonekana pembe moja tu. Zuberi anasema saba, anasema nane, anasema tisa, kisha muziki wake wa zamani unaingia na video inakwisha. Nikamwuliza mkwe iliyobaki iko wapi. Akasema ndefu haziangaliwi siku hizi, mama, watu hawana muda.

Basi wenzangu tuliobaki, mliokuwa mnajificha nyuma ya magunia yale ya sufi mimi nikihesabu, nawaandikia ninyi. Ilifika kumi.